Kivuli Chini ya Jino la Nyaga

Mzee Nyaga wa Kibugu alikuwa na mdomo uliojulikana kuanzia ukingo wa msitu wa mlima hadi mjini Embu. Haukujulikana kwa ukubwa bali kwa maneno. Kijana yeyote wa ukoo wake akipata mchumba, alipita kwanza kwa Nyaga kuuliza kama ana nafasi, ndipo akaenda kumwambia mama yake. Nyaga ndiye aliyesimama mbele ya wakwe kuomba binti kwa niaba ya ukoo, na aliomba kwa namna ambayo wakwe walijikuta wanacheka, wanapunguza masharti na wanamwongezea nyama, vyote kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo Gedion, mtoto wa marehemu ndugu yake, alipompata Kaari, binti wa Mzee Mithika wa Kiirua, huko Meru, hakuna aliyeuliza nani atasema. Siku ilipangwa, mbuzi wakatafutwa, leso zikanunuliwa. Nyaga akaanza kuifanyia mazoezi hotuba yake katikati ya mistari ya majani chai, akiwahutubia wachumaji ambao hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Ndipo jino likaanza.

Mwanzoni lilikuwa kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu, kidogo tu, kila Nyaga alipokunywa chai moto. Kufikia Jumapili lilikuwa limeacha kubisha, limeingia na kukaa. Taya lote la chini, upande wa kulia, lilimuuma hata asijue ni jino lipi hasa. Kanisani aliimba wimbo wa kuingilia ameshika shavu, macho ameyafumba, machozi yanamtoka, na mchungaji akamtaja katika mahubiri kama mfano wa mtu aliyeguswa.

"Baba Ndambiri," mkewe Gladys akamwambia walipofika nyumbani, "si huyo Kaari ni daktari wa meno hapo Meru? Mpigie simu."

Nyaga alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

"Nimfungulie mdomo mkwe? Kabla hata hajawa wetu? Mama Ndambiri, mimi ndiye msemaji. Nikienda kuwaonyesha watu wa Meru kwamba mdomo wenyewe umeharibika, nitaombea nini?"

"Utaombea ukiwa umepona."

"Hapana. Kuna madaktari Embu."

Daktari aliyempata Embu aliitwa Mutegi, kijana mpole mwenye miwani, kliniki yake iko juu ya duka la mbegu. Alimwuliza Nyaga ni jino gani linalouma. Nyaga akapapasa shavu kuanzia sikioni hadi kidevuni, akasema, "Ni huku kote, daktari." Watu walikuwa wamejaa foleni hadi kwenye ngazi. Mutegi akampiga eksirei, picha ikatokea kwenye kompyuta, na daktari akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ahaa. Mzee, unaona hili gego dogo? Tazama hapa chini ya mzizi. Kuna kivuli cheusi, cha mviringo. Mzizi ukivimba, mfupa ulio karibu huliwa polepole, na pale mfupa unapopungua picha inakuwa nyeusi. Huu ni uvimbe wa mzizi."

Nyaga akatazama. Kweli, kivuli kilikuwapo, cheusi kama mbegu ya parachichi iliyoungua. Na jambo la ajabu ni kwamba tangu dakika ile maumivu, ambayo asubuhi yalikuwa yanazurura taya zima, yaliacha kuzurura. Yalihamia pale pale daktari alipoweka kidole.

"Ni hilo!" akasema. "Ndilo hilo hilo. Ling'oe."

Lakini alipofikiria kwamba gego lile linaonekana akicheka, na kwamba atasimama Kiirua na pengo linalopiga mluzi kila akitamka "salamu", akabadilisha nia. Wakakubaliana atarudi Jumatatu baada ya shughuli. Mutegi akampa dawa za kutuliza maumivu, akamtumia na ile picha kwenye simu ili awe nayo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, maana Nyaga aliiweka picha katika kundi la ukoo la wasap.

Kabla hajafika nyumbani ukoo mzima ulikuwa umekuwa daktari. Binamu mmoja wa Nairobi, asiyesoma maelezo, aliandika, "Hongera sana Mama Ndambiri! Mungu hachelewi! Ni mvulana?" Shangazi akasema anaona mlima na vilele vyake. Kivuti, shemeji yao, ambaye ni daktari wa mifugo, aliandika kwamba kama ni ng'ombe angemwacha aendelee kula, lakini akaongeza kuwa ng'ombe wana kawaida ya kuwa wavumilivu.

Gladys peke yake hakuandika kitu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kituo cha kupokea majani chai, na kazi ile ilimfunza kutoamini mizani mpaka iseme neno moja mara mbili. Siku tatu baadaye alimtumia Daktari Mutegi picha ile ile kutoka simu yake mwenyewe, kwa jina la jirani, akaandika, "Daktari habari, mama mmoja hapa amepigwa picha ya meno. Hana maumivu yoyote. Kuna ubaya?"

Jibu lilikuja upesi. "Mama, hapa sioni ugonjwa. Hicho kivuli chini ya gego dogo ni tundu la kawaida la mfupa, mshipa wa fahamu unapitia hapo kwenda mdomoni. Kila mtu analo. Asiwe na wasiwasi."

Gladys alimpelekea mumewe simu shambani. Nyaga akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, akisogeza midomo. Halafu akavaa koti lake la kanisani na kushuka Embu.

Alimkuta Mutegi anakunywa chai. Akaweka simu mbili mezani, moja kando ya nyingine, picha moja katika simu zote mbili.

"Daktari, hili jino lina ugonjwa ama halina?"

Mutegi alitazama simu hii, akatazama ile. Masikio yakaanza kumwiva. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akacheka, kicheko kidogo cha aibu.

"Mzee, nisamehe. Picha ni ile ile, mimi ndiye niliyekuwa tofauti. Ulipokuja, ulikuwa umeshika taya na kulia. Nikatafuta ugonjwa, na mtu akitafuta ugonjwa kwa kivuli, anaupata. Hii ya mama niliambiwa hana maumivu, kwa hivyo nikaona tundu. Hata sisi madaktari, ukitupa picha moja tukiwa wawili, tunaweza kubishana. Wakati mwingine mtu mmoja anabishana na yeye mwenyewe."

"Kwa hivyo ni nini, tundu ama uvimbe?"

"Picha peke yake haiwezi kuniambia. Kaa hapo kwa kiti nikupime vizuri, nigonge jino moja moja. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, foleni ndiyo ilinisukuma."

Angekubali, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini Nyaga alikuwa amepandwa na hasira.

"Picha moja, majibu mawili," akasema, anafunga vifungo vya koti. "Ukinipima tena utanipa la tatu. Kwaheri."

Basi walikwenda Kiirua naye akiwa hivyo. Gari la kukodi lilipita Chuka, likapita Meru mjini, Nyaga amekaa mbele kimya, chupa ya maji baridi mkononi. Alikuwa amegundua jambo: chai moto ilimfanya aone nyota mchana, lakini maji baridi yakishikiliwa mdomoni, upande wa kulia, yalituliza. Ila yalituliza kwa muda mfupi tu. Yakipata joto, ilibidi ayameze na kuchukua mengine.

"Ankoli, uko poa?" Gedion akauliza kutoka kiti cha nyuma. "Tukicheleweshwa huko mimi nitazimia."

"Mmh," Nyaga akajibu, mdomo umejaa.

Kwa Mzee Mithika walipokewa kwa nyimbo. Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya shamba la viazi, sufuria zinafuka, na kwa kuwa jua lilikuwa kali walikuwa wameleta friji ya soda na barafu. Wageni wakaketi upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Msemaji wa wenyeji alikuwa Riungu, ndugu yake Mithika, mtu mrefu aliyesikia habari za Nyaga tangu zamani na aliyekuwa hajalala vizuri kwa kumwogopa.

Nyaga alisimama, akasalimu, akasema maneno machache. Hewa ilipoingia kinywani jino likapiga. Akaketi haraka, akabugia soda baridi, akaishikilia shavuni.

"Wageni wetu," Riungu akaanza, "sisi hatuuzi mtoto. Lakini mila ni mila. Tutataka mbuzi, hilo mnajua. Na asali. Na blanketi za shangazi zake wote. Na koti la baba, koti zito, maana Kiirua ni baridi."

Wote wakamgeukia Nyaga. Nyaga asingeweza kufungua mdomo, soda ingemwagika. Akatazama mbele tu, shavu limetuna, paji la uso limekunjamana.

Riungu akakohoa.

"Blanketi za shangazi tunaweza kuzungumzia," akasema.

Soda ikapata joto. Maumivu yakapanda hadi sikioni, na Nyaga akaguna, mguno mrefu wa kutoka tumboni.

"Sawa! Blanketi tumeziacha," Riungu akasema upesi. "Na koti pia. Mzee Mithika ana koti."

"Lipi?" akauliza Mithika.

Upande wa Embu watu walianza kukanyagana miguu kwa furaha. Hawakuwahi kuona mbinu kama hii. Kivuti alimnong'oneza Gladys, "Huyu mzee ni hatari. Hajasema kitu na tayari tumeshinda." Gladys alikuwa anahesabu chupa za soda mbele ya mumewe.

Ukafika wakati wa kuletwa wasichana, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, Gedion amtambue wake. Waliingia kwa mstari, watano, wakinyata. Nyaga alikuwa anabadilisha soda ya nne. Ghafla leso ya tatu ikasimama.

"Huyo mzee," ikasema sauti kutoka ndani ya leso, "anashikilia baridi upande mmoja tu. Baba, chai moto inakuuma zaidi?"

Nyaga, kwa mshtuko, akameza.

"Sana," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

Leso ikaanguka. Alikuwa Kaari, nywele zimesukwa vizuri, uso wa kazini kabisa. Wanawake wa Kiirua wakapiga kelele: binti amejifunua mwenyewe! Hajatambuliwa! Shangazi mmoja akajaribu kumfunika tena kwa leso yake mwenyewe, lakini Kaari alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Nyaga. "Baba, fungua mdomo."

Nyaga akakaza midomo. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu zaidi ya mia walikuwa wanamtazama. Alifikiria heshima yake, akafikiria ukoo wake, na jino likapiga tena, safari hii kama nyundo. Akafungua.

Gladys akatoa simu, akaonyesha picha. Kaari akaitazama kidogo tu. "Naona hicho kivuli. Hakitoshi. Nileteeni kijiko kidogo na barafu."

Alivunja kipande chembamba cha barafu, akakishika kwa pembe ya kitambaa safi, akagusisha gego dogo, lile lenye kivuli.

"Unasikia baridi?"

"Aah! Nasikia!"

"Imeondoka?"

"Imeondoka."

"Hilo jino liko hai, na halina shida." Akahamia gego kubwa la nyuma yake, lililokuwa limezibwa zamani, ambalo kwenye picha lilikuwa jeupe na safi kama la mtoto. "Na hapa?"

Nyaga akangoja. "Hapa hakuna kitu. Umeshagusa?"

"Nimegusa kitambo." Kaari akachukua kijiko, akagonga gego dogo kwa mpini, taratibu. Kimya. Akagonga gego kubwa, taratibu vile vile.

Yowe lililomtoka Nyaga liliwatoa kuku shambani kwa jirani, na Riungu, aliyedhani mazungumzo yameanza tena, akatamka, "Na asali pia tunaacha!"

"Ni hili kubwa," Kaari akasema. "Ndani limeshakufa na mzizi unavimba. Picha haijaonyesha kwa sababu mfupa unatakiwa uliwe sana kabla picha haijaonyesha kitu. Na kivuli kinachoonekana ni tundu la kawaida. Lakini hapa natumia kijiko, siwezi kuapa. Twende kliniki nipige picha nyingine, kwa pembe tofauti. Nina funguo."

"Leo?" akauliza Gedion. "Kaari, leo ni leo."

"Gedion, ankoli wako anaumwa."

Hapo Mzee Mithika akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa ameshapoteza koti. "Binti yangu hatatoka katika boma hili na watu wa Embu kabla hatujamaliza. Mkitaka aende, basi twende sote."

Na wakaenda sote. Gari la wageni lilitangulia, magari ya wenyeji yakafuata, na pikapu iliyobeba sufuria za mukimo wa viazi na mahindi ikashika mkia, kwa kuwa wapishi walikataa kuachwa. Kliniki ya Kaari iko orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa la mama mmoja aitwaye Jawahir. Jawahir alipoona wazee waliovaa kofia za manyoya na wanawake wenye leso wanapanda ngazi kwa nyimbo, akadhani kliniki inafunguliwa upya. Akatuma viti na birika la chai ya maziwa yenye tangawizi.

Kaari alipiga picha mpya kutoka upande kidogo. Akamwita Gladys, kwa kuwa alishaona ni nani mwenye macho pale, akaweka picha mbili kando kwa kando. Katika ile ya zamani kivuli kilikaa chini ya mzizi wa gego dogo. Katika mpya kilikuwa kimesogea kando, kimeuacha mzizi peke yake, na mfupa unaouzunguka ulikuwa mzima.

"Kingekuwa ugonjwa wa jino, kingeshikana na mzizi hata nikigeuza pembe," Kaari akasema. "Na hapa kwa gego kubwa, unaona huu mstari mweusi unaouzunguka mzizi umepanuka kidogo sana? Ningepewa picha hii peke yake, bila mgonjwa, mimi pia ningesema liko sawa."

"Kwa hivyo umeona mara mbili," Gladys akasema, ameridhika. "Kwa barafu na kwa kijiko."

"Na kwa yowe, mama."

Sindano ya ganzi ikaingia. Ilimchukua Nyaga mdomo, ulimi nusu na kidevu. Kaari akaanza kulifungua jino, mlango ukiwa wazi kidogo, na nje, katika chumba cha kungojea, wazee wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi.

"Nani anasemea Embu sasa?" sauti ya Riungu ikauliza, na ilikuwa na nguvu mpya.

Nyaga, amelala chali, taa usoni, alijaribu kusema "ngojeni." Kilichotoka ni "ngohehi."

"Mimi," ikasema sauti ya Gladys.

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Riungu, ulisema blanketi umeziacha. Umeziacha?"

"Nilisema, lakini hali ya..."

"Sema tena, nisikie mara ya pili."

"...Nimeziacha."

"Hapana. Shangazi wa Kaari watapata blanketi zao. Mume wangu alikuwa anaumwa, hakuwa anakataa. Na Mzee Mithika atapata koti. Na asali. Sisi hatukuja kuchukua mtoto kwa sababu ya jino."

Pale kwenye kiti Nyaga alipiga mateke. Ushindi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa unarudishwa kipande kwa kipande, na yeye mdomo uko wazi, pamba mbili shavuni, mkwe wake anamwambia, "Baba, tulia, niko ndani ya mzizi."

Lakini alisikia pia jambo lingine. Katika chumba cha kungojea Mithika alicheka. Nyaga hakuwahi kukisikia kicheko cha Mithika. Shangazi wakapiga vigelegele. Riungu akasema kwamba kama ni hivyo, mbuzi wapunguzwe, wageni wameonyesha utu. Gladys akamwambia aseme tena. Akasema tena. Kisha mtu akafungua sufuria ya mukimo, harufu ikaingia hadi kwenye kiti, na Nyaga, ambaye hakuwa ametafuna kitu cha maana kwa wiki nzima, akagundua kwamba hasikii maumivu popote. Machozi yakamtiririka hadi masikioni.

"Inauma, Baba?" Kaari akauliza.

Akatikisa kichwa.

Jino lilisafishwa, likazibwa kwa muda, akarudi Meru baadaye kumaliziwa. Halijamsumbua tena, na lile gego dogo lililotaka kung'olewa bila hatia bado liko mahali pake. Gladys alimtumia Daktari Mutegi picha zote mbili, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Akajibu kwa kumshukuru, akaomba namba ya Kaari, na inasemekana siku hizi hampigi mtu picha kabla hajamgonga meno, hata foleni ikifika barabarani.

Gedion na Kaari walifunga ndoa Desemba. Siku ya harusi shangazi wa Kiirua walidai faini kwa binti aliyejifunua mwenyewe, wakalipwa leso moja, wakaridhika.

Na Nyaga? Vijana wa Kibugu bado wanapita kwake wakipata mchumba. Wanamsalimu, wanauliza habari za jino, wanakunywa chai. Kisha wanashusha sauti na kuuliza, "Mzee, mama yuko? Tulitaka kujua kama ana nafasi Jumamosi."

"Yuko kituoni, anapima majani," Nyaga huwajibu. "Lakini mimi nitakuja naye. Lazima kuwe na mtu wa kuguna."